MHUDUMU WA AFYA YUKO MLANGONI, MBONA TWAMJIBU "HAYUPO"?



Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi mtukufu wa Ramadhan tukiwa hai. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, maneno haya yalisemwa kwanza kwa mdomo, mbele ya vijana wenzangu baada ya swala ya Alasiri, ndipo nikatakiwa niyaandike. Ukiyaona mengine yamekaa kimazungumzo, nivumilie. Mada yenyewe si ya funga wala si ya zaka, ingawa mwisho wake itafika kwenye funga. Ni ya yule mama, au pengine kijana, apitaye nyumba kwa nyumba mkoba begani na simu mkononi, apiga hodi na kuuliza: Humu mna mja mzito? Mna mtoto mchanga? Kuna mtu anakohoa wiki ya pili sasa?

Sote twamjua. Na namna anavyojibiwa twaijua pia. Mtoto hutumwa mlangoni akaseme "mama hayupo", na mama yuko uani anapaa samaki. Au hukaribishwa, akapewa kiti, akaulizwa habari za nyumbani kwake, akaambiwa kila mtu ni mzima alhamdulillah, na chumba cha ndani kuna mtu ana homa siku ya nne.

Kwa nini? Hilo ndilo swali langu, na naomba tusilijibu kwa haraka.

Kwanza tuwajue ni kina nani. Fikra ya kuwa na mtu wa afya atokaye kijijini mwenyewe si ya jana. Mwezi wa Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, mji ambao leo waitwa Almaty, nchini Kazakhstan, wakakubaliana kwamba afya ianzie pale mtu anapoishi, isingojee hospitali kubwa. Hapa Kenya mpango rasmi wa afya ya jamii ulianzishwa mwaka 2006. Watu hawa wakaitwa wahudumu, baadaye wakaitwa wa kujitolea (maana yake bila mshahara), na tarehe 25 Septemba 2023 Rais William Ruto alipowazindua zaidi ya 100,000 pale Uhuru Park, Nairobi, wakawa wahamasishaji wa afya. Jina limebadilika mara mbili, mtu ni yule yule. Mimi nitawaita wahudumu. Kila mmoja amepangiwa nyumba kama 100. Wakaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu itoke serikali kuu na nusu kaunti, na wakapewa mikoba yenye mashine ya kupimia presha, mashine ya sukari, kipimajoto, mizani, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto.

Sasa sisi watu wa Ngomeni si wageni wa mitambo. Kutoka baharini kwetu hapa hapa, kwenye majukwaa ya Waitaliano, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kuchunguza nyota, na kwa kuwa ilikuwa ni sikukuu ya Kenya kupata uhuru, ikapewa jina Uhuru. Chombo kilitoka kwetu kikafika mbinguni. Lakini mashine ya presha iliyo ndani ya mkoba wa jirani yako, hiyo haijavuka kizingiti!

ANAJULIKANA MNO

Ukiwauliza watu waliosoma, watakwambia ni ujinga, ni umaskini, ni umbali. Yote hayo yana ukweli wake, na mengine nitayagusa. Lakini mimi naona sababu kubwa ni nyingine. Mhudumu hakataliwi kwa kuwa hajulikani. Hukataliwa kwa kuwa anajulikana mno.

Hebu fikiri. Daktari wa Malindi hakujui wewe wala hamjui baba yako. Ukitoka mlangoni mwake, ameshakusahau. Lakini huyu? Huyu ni shangazi wa fulani, aliolewa mtaa ule akaachika, mwanawe aligombana na mwanao kwenye mpira. Mtaonana kisimani, mtaonana harusini, mtaonana matangani. Ukimwambia leo una kikohozi kisichokwisha, kesho utaangalia kila jicho linalokuangalia. Mtu hakatai dawa, anakataa kusemwa. Na magonjwa ambayo mhudumu ametumwa kuyatafuta ndiyo hayo hayo tunayoyaficha: kifua kikuu, ukimwi, mimba iliyoharibika, mama anayetaka kupanga uzazi na hataki mavyaa ajue.

Chukua mfano wa matende na mshipa. Pwani yetu hii ndiyo kitovu chake nchini Kenya, mbu ndio wanaoyaeneza. Serikali ilianza kugawa dawa kwa watu wote, wagonjwa na wazima, mwaka 2002 huko Kilifi, kisha mpango ukaenezwa sehemu nyingine za pwani. Wagawaji walikuwa ni watu wa vijijini waliofunzwa, na dawa ni ya bure. Basi mbona kulikuwa na waliokataa? Mzee mwenye mshipa amekaa barazani, anamwona binti wa jirani anakuja na daftari kumuuliza kama nyumba hii kuna mwenye mshipa. Yakhe, wewe ungejibuje? Atasema hapana. Atazidi kuvaa kikoi kipana, na Ijumaa atakaa safu ya nyuma. Na mshipa hutibika kwa upasuaji usio mkubwa. Kilichomzuia si ujinga. Ni haya, na haya ni katika imani. Kosa lilikuwa ni kumtuma binti pale palipotakiwa mwanamume mtu mzima.

Kuhusu siri, dini yetu imekwisha kutuwekea njia. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ametuamrisha amana zirudi kwa wenyewe, na wanavyuoni wamesema neno la siri nalo ni amana. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupeleleza na kusengenyana. Kwa hivyo mhudumu anayetoa siri ya nyumba amevunja kanuni za kazi na amevunja amana mbele ya Mola wake. Ningependa aambiwe hivyo siku anayofunzwa, na aambiwe na maimamu, si na wauguzi peke yao.

Lakini tuwe waadilifu. Mara nyingi si yeye asemaye. Ni sisi tuliokaa nje. Tunamwona ameingia nyumba ile Jumatatu, ameingia tena Alhamisi, jioni tumeshajua ugonjwa, tumeshajua na aliyeuleta! Hapa pana jambo dogo ambalo nimelifikiri sana. Mhudumu akipita kila nyumba kwa mpango, hata nyumba za wazima, huwa amemsitiri mgonjwa. Akipita kwa wagonjwa tu, huwa amewatangaza. Kwa hivyo wewe uliye mzima unapomfungulia mlango, ukampa dakika zako kumi na ukapimwa presha usiyo nayo, unamwekea pazia jirani yako.

Na ile simu. Zamani alikuwa na daftari, siku hizi anaandika kwenye simu, na taarifa zinakwenda serikalini. Mtu anaona majina ya watoto wake yanaingizwa, hajui yanakwenda wapi. Zaidi ya hapo, ilipokuja bima mpya ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, wahudumu hawa hawa wakatumwa pia kusajili watu. Mvuvi akauliza: huyu amekuja kwa afya yangu au kwa pesa yangu? Si swali la kipumbavu. Ukimuuliza mhudumu "unaandika nini hapo?" na yeye akakugeuzia simu akakusomea, mambo mengi yatakwisha papo hapo.

NANI MWENYE RUHUSA NDANI YA NYUMBA

Uislamu umeifanya nyumba kuwa na heshima. Suratun Nuur, aya ya 27 na ya 28, zimetufunza tusiingie nyumba isiyo yetu mpaka tubishe na tutoe salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Mhudumu mwenye kuijua adabu hii hupokewa. Yule anayesukuma mlango akiita kwa sauti kwa kuwa ana kitambulisho shingoni, huyo kwetu hapati kitu, hata akiwa na mkoba wa dhahabu. Mwanamume haingii kwa mwanamke aliye peke yake. Haya si mambo ya kuyaonea aibu mbele ya serikali, ni mambo ya kuipangia. Kwa nchi moja ya Kiislamu hili halikuwa gumu: Iran, katika nyumba zao za afya vijijini, wameweka desturi ya kuwa na mwanamke na mwanamume, wote watu wa pale pale. Kwetu wahudumu wengi ni wanawake, na wanaume tumewaachia kazi kisha tunalalamika hakuna wa kuzungumza nasi.

Sasa suala zito zaidi. Mama mja mzito ameumwa kichwa siku mbili, macho yanaona ukungu, miguu na uso vimevimba. Mhudumu anampima, presha iko juu. Anamwandikia karatasi ya kwenda zahanati leo leo, kwa kuwa hiyo yaweza kuwa ni dalili ya kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba chaua mama na mtoto. Mama anaitazama karatasi. Mume yuko baharini, bamvua limeingia, hatarudi mpaka kesho kutwa, na huko aliko simu haishiki. Pesa ya bodaboda iko kwa mavyaa. Na mavyaa asema: mimi nimezaa saba, miguu huvimba.

Je, mama huyu amekataa huduma? Kwenye ripoti ataandikwa hakwenda. Ukweli ni kwamba mhudumu amezungumza na mtu asiye na ruhusa. Mkaza mwana ndiye mwenye mimba, lakini uamuzi uko kwa wawili, mmoja yuko kitandani kwake anakunywa kahawa na mwingine yuko kwenye mashua. Wapangaji wa mambo haya hupanga kwa saa ya ofisi. Ngomeni hutembea kwa maji kujaa na maji kupwa, na kwa zamu za mashamba ya chumvi ambako vibarua huondoka alfajiri. Mhudumu akija saa nne asubuhi, hukuta wanawake na watoto, hazungumzi na mwanamume mwaka mzima.

Hapa nataka nikupeleke mbali kidogo, Bangladesh, kwa sababu kisa chake chafanana na chetu mno. Shirika moja la huko liitwalo BRAC, kati ya mwaka 1980 na 1990, lilituma wanawake nyumba kwa nyumba, zaidi ya nyumba milioni 12, wakafunze mama jambo moja tu: mtoto akiendesha, umchanganyie maji. Nusu lita ya maji, chumvi ya kushika kwa ncha za vidole vitatu, na sukari guru konzi moja. (Ndiyo, neno letu "guru" ni lao.) Mwanamke mfunzaji hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizoingia, alilipwa kwa kadiri mama walivyokumbuka alichowafunza. Mama wakakumbuka vizuri kabisa. Lakini mtoto alipoendesha kweli, wachache walichanganya!

Wakachunguza sababu, wakapata mbili. Ya kwanza, baadhi ya wafunzaji wenyewe hawakuyaamini yale maji. Walikuwa wakisema kitu ambacho kwa watoto wao hawakifanyi, na mama wa kijijini si mjinga, huona. Wakarudishwa mafunzoni wakaelezwa namna maji yale yanavyofanya kazi mwilini, na wengine wakawa wakifika kijijini wanayanywa wenyewe mbele ya watu. Ya pili, wanaume hawakuambiwa. Wao ndio wenye nyumba, na walikuwa wakiona mke anampa mtoto maji ya chumvi, wakamkataza. Basi BRAC wakatuma wanaume wakazungumze na wanaume, sokoni na misikitini, baada ya swala. Hapo ndipo matumizi yakapanda.

Soma tena hapo, ndugu yangu. Sisi tunakaa kando ya mashamba ya chumvi, chumvi tunaikanyaga kwa miguu, na mtoto wa kijijini kwetu bado anaweza kufa kwa kukaukiwa maji. Dawa ya pakiti ikiwapo, hiyo ndiyo bora, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14. Pakiti isipokuwapo, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe chumvi. Swali ni hili: mara ya mwisho kusikia maneno hayo msikitini ni lini? Tumesikia hukumu za udhu na mvua ya masika, na ni vyema. Lakini mwenye mimbari ana masikio ya wanaume wote wa mtaa mara moja kwa wiki, kitu ambacho mhudumu hakipati hata akitembea mwezi mzima.

MKOBA MTUPU

Nisije nikaonekana lawama yote natupia nyumba zetu. Mtu humwita mhudumu mara ya kwanza kwa imani na mara ya pili kwa alichokipata mara ya kwanza. Ikiwa usiku wa manane umemwita kwa homa ya mtoto, amekuja, amefungua mkoba, kipimo cha malaria kimekwisha na dawa hakuna, amekuandikia karatasi, umeipeleka zahanati, umengoja kwenye benchi mpaka adhuhuri, ukaambiwa dawa ukanunue dukani, basi mara nyingine utakwenda moja kwa moja dukani. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo. Karatasi ya mhudumu ina thamani ikiwa upande wa pili kuna mtu anayeiheshimu. Pale ambapo muuguzi huisoma na kumuita mgonjwa mbele, wahudumu hutafutwa. Pale ambapo huitupa pembeni, umemvunjia mhudumu heshima yake kijiji kizima, kwa kuwa habari hutangulia kufika nyumbani.

Na posho. Katika kaunti kadhaa wahudumu wamelalamika kwamba hukaa miezi bila kulipwa. Mama aliyeacha kusuka makuti ili apite nyumba 100 kwa mguu kwenye mchanga huu, akicheleweshewa 5,000 zake, ataanza kuchagua nyumba za karibu. Waliojenga mbali, ng'ambo ya mikoko, ndio wa kwanza kusahauliwa, na mvua ikinyesha ndio kabisa.

NYUNI NA DAMU

Kuna jambo la majina. Mtoto akishikwa na mtukutiko, wazee wetu husema ni nyuni, au dege, ndege aliyepita juu akamtupia kivuli. Na dawa ya nyuni haiko zahanati, iko kwa mganga. Mhudumu akija na kusema "hayo ni mambo ya kizamani", mlango umefungwa. Watafiti wa Kilifi wameandika mengi juu ya hili: mama hamcheleweshi mtoto kwa uzembe, anampeleka haraka sana, ila kule anakoamini ugonjwa huo unatibiwa. Na malaria iliyopanda kichwani haingoji, saa chache zatosha kumuua mtoto au kumwachia kilema. Mhudumu mwerevu habishani na jina. Husema: mwite nyuni ukitaka, lakini mwili una moto, twende tukapime damu kwanza. Kwetu sisi tuliosoma madrasa ni wepesi wa kusema "hiyo ni shirki" na kuondoka. Pengine ni shirki kweli. Lakini mtoto bado anatukutika, na usafiri wa kwenda hospitali nani ameutafuta?

Kupima damu nako kuna mambo. Pwani hii tumekua na hadithi za mumiani, watu wanaonyonya damu usiku. KEMRI wana kituo chao cha utafiti Kilifi tangu mwaka 1989, kituo chenye sifa duniani, na wao wenyewe wameandika namna uvumi wa damu ulivyowasumbua. Wakajifunza kuchagua wawakilishi wa vijijini na kueleza kila tone linakwenda wapi. Uvumi hukaa pale palipo na kimya. Tone moja la kidole mhudumu analipima mbele yako, hesabu inaonekana, na kijiti kinatupwa. Akikueleza hivyo, hofu hupungua. Akinyamaza, kijiti kile kimeshakuwa chupa nzima.

Na dini ina nguvu upande wowote inapoelekezwa. Kuanzia Aprili 2023, hapa hapa Magarini, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwa jina la dini wafunge mpaka kufa na waikimbie hospitali. Wale walikuwa si Waislamu, lakini tusikae tukasema hayatuhusu. Kila mtu anayesimama mbele ya watu na kuwaambia dua yatosha, dawa ya nini, yuko kwenye njia hiyo hiyo, hata kama amesimama mwanzo wake. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu akategemea. Na amesema tujitibu.

Tena utibabu ulikuwa msikitini kwake. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (R.A.) alipopigwa mshale, Mtume (S.A.W.) aliamrisha awekwe kwenye hema la bibi mmoja wa kabila la Aslam, jina lake Rufaida, hema lililokuwa msikitini, akiuguza majeruhi na kuwahudumia Waislamu waliokosa wa kuwahudumia, akitaraji thawabu. Mtume akawa akimzuru Saad pale pale. Basi mhudumu wa afya ndani ya msikiti si bidaa iliyoletwa na serikali ya kaunti.

RAMADHAN HII

Nimeahidi nitafika kwenye funga. Mwezi huu wenye sukari na presha wengi hufunga bila kumuuliza mtu, kwa kuona haya kula mchana. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa ana fidia. Lakini mgonjwa atajuaje kuwa leo mwili wake umefika mahali pa kufungua? Mashine iko kwenye mkoba wa mhudumu. Wataalamu wa sukari wamesema: ikisoma chini ya 3.9, au ikipita 16.6, fungua wakati huo huo, hata kama imebaki nusu saa Maghribi. Na ukiona jasho la baridi, kutetemeka na kizunguzungu, usingoje hata mashine. Anayejidunga insulini aonane na daktari kabla ya kufunga, si baada ya kuanguka.

Watu huuliza: kutobolewa kidole si kutafunguza? Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata pwani hii, hata kuumikwa hakufunguzi, na huko hutoka damu nyingi kuliko tone la kidole. Kwa hivyo pima bila wasiwasi. Mwenye dawa za kifua kikuu naye asiziache mwezi huu hata siku moja. Akizungumza na muuguzi wake, mara nyingi hupangiwa azimeze wakati wa daku. Akiacha kwa ajili ya funga, ugonjwa hurudi ukiwa sugu, na akikohoa safuni huwaambukiza walio kulia na kushoto kwake.

Mama mja mzito au anayenyonyesha, akihofia nafsi yake au mtoto, naye anayo ruhusa. Na ukiwa na mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, mwache mhudumu amzungushie ule utepe mkononi. Kijani ni salama. Manjano ni tahadhari. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni kwenda zahanati siku hiyo hiyo, kwa kuwa mtoto huyo ana utapiamlo mkali, hata kama uso wake umejaa.

Pendekezo langu kwa vijana ni la wiki hii, si la mwakani. Mhudumu naye amefunga, na jua hili mwalijua. Tusimwache azunguke peke yake mchana. Tumwombe imamu, baada ya Taraweh, mara moja kwa wiki, upande wa wanawake iwekwe meza moja, mashine ya presha na ya sukari juu yake, na pazia. Usiku mwingine iwe zamu ya wanaume, akae mwanamume mtu mzima anayeaminika, na kila mtu aingie peke yake, mzima na mgonjwa, ili asijulikane nani ni nani. Wenye mashua watuambie bamvua linaanza lini, tusiweke usiku ambao wote wako baharini. Mwenye bodaboda ajitolee usiku mmoja asimame karibu na mlango na tangi lijae, kwa ajili ya yule ambaye presha yake itasoma vibaya. Na wale wa ng'ambo ya mikoko ambao hawafiki msikitini usiku, vijana wawili wafuatane na mhudumu asubuhi ya Jumamosi, wamchukulie mkoba, wapige hodi mara tatu, wakiambiwa warudi, warudi, na wiki inayofuata waende tena.